Kelele za pikipiki: Tega sikio kabla ya kushika spana

WAHENGA walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mwenye pikipiki, mawingu hayo hayaonekani kwa macho, bali husikika kwa masikio. Ni nadra injini kufa ghafla. Kwanza hulalamika, tena kwa siku nyingi, ila sisi wenyewe huwa tumeyazoea malalamiko yake hata hatuyasikii tena.

Huenda msomaji akajiuliza pikipiki ina uhusiano gani na ukurasa wa jamii. Uhusiano upo, tena mkubwa. Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli kule mpakani Busia katika miaka ya 1960. Pikipiki za bei nafuu zilipoanza kumiminika nchini katika miaka ya 2000, kazi hiyo ikawa tegemeo la maelfu na maelfu ya familia. Karo ya watoto, unga, kodi ya nyumba na mchango wa chama, vyote hutoka katika injini moja ndogo isiyoshinda sufuria ya ugali kwa ukubwa. Injini hiyo ikinyamaza, jiko nalo hunyamaza. Na mara nyingi pikipiki yenyewe ingali ina deni, na mwenye kudai hajali kama iko barabarani au imelala gereji.

Kuna njia mbili ambazo familia hupotezea pesa hapa. Ya kwanza ni kupuuza kelele mpaka injini ikatike njiani. Ya pili, ambayo haisemwi sana, ni kukimbilia kufungua injini ambayo haikuwa na ugonjwa. Kijana husikia mlio asioupenda, humkimbilia fundi, naye fundi bila hata kuinama asikilize, hutamka, "Bosi, hii injini imekwisha, lazima ifunguliwe." Pesa hutoka, siku tatu za kazi hupotea, na pikipiki inaporudi nyumbani, mlio ni ule ule.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja: robo saa ya kutega sikio.

Anayesikia vizuri zaidi

Tuseme jioni baba anaingia uani na pikipiki yake. Mama, aliye jikoni, anamwambia, "Baba watoto, hiki chombo chako siku hizi kinalia kama debe lililotiwa misumari."

Baba naye hujibu, "Hizo ni vali tu, mama watoto. Pikipiki zote hulia hivyo."

Katika mabishano ya namna hii, mara nyingi mama ndiye mwenye haki. Anayeketi juu ya pikipiki mchana kutwa husikia upepo, honi, matatu na mazungumzo ya abiria. Isitoshe, mlio hukua kidogo kidogo, leo ukiwa na tofauti ndogo mno na jana. Lakini aliye nyumbani huisikia mara mbili tu kwa siku, asubuhi ikiwashwa na jioni ikirudi. Yeye hugundua mabadiliko mapema. Basi mwenye pikipiki asione haya kumuuliza mkewe, mamake au jirani yake: Je, chombo hiki kinalia kama kilivyokuwa kikilia mwezi uliopita?

Cheni iliyojificha

Watu wengi huijua cheni moja tu ya pikipiki, ile ya nje inayozungusha gurudumu la nyuma. Lakini ndani ya injini nyingi mna cheni nyingine, nyembamba zaidi, ambayo mafundi wetu huiita taimingi cheni. Kazi yake ni kuunganisha krenki, ambayo iko chini na huzungushwa na pistoni, na kamshafti, ambayo iko juu kwenye hedi na hufungua vali.

Vali hizo ni milango. Mmoja huingiza hewa na petroli, mwingine hutoa moshi. Ni sharti ifunguke na kufungwa kwa wakati wake hasa. Kila krenki inapozunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Injini ikienda kwa kasi ya mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki huzunguka mara 100 kwa sekunde moja na kamshafti mara 50. Cheni hiyo ndogo ndiyo inayohakikisha kwamba katika pilkapilka zote hizo vali na pistoni hazigongani.

Watu husema cheni "imevutika". Ukweli ni kwamba chuma chake hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni viungo vyake. Tuseme cheni ina viungo 90, na kila kimoja kimelika kwa sehemu mbili tu za mia za milimita. Ukijumlisha, cheni yote imerefuka kwa karibu milimita mbili. Ulegevu huo ndio unaoifanya ichezecheze na kupigapiga kuta za njia yake.

Ili kuuondoa ulegevu, watengenezaji huweka kifaa cha kukaza cheni, ambacho katika pikipiki nyingi hufungwa kwa bolti mbili nyuma ya silinda, karibu na kabureta. Kwenye pikipiki nyingi za siku hizi kifaa hiki hujikaza chenyewe: ndani yake mna springi na meno yanayokiruhusu kusonga mbele bila kurudi nyuma. Lakini kina mwisho wake. Kikishafika mwisho, au meno yake yakilika, au springi ikichoka, cheni hubaki bila wa kuizuia.

Hapa pana jambo ambalo limewagharimu wengi. Si kila injini ina cheni hii. Injini za muundo wa Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1976, na nyingi za Kichina zilizoiga muundo huo, hutumia fito mbili za chuma kusukuma vali badala ya cheni. Pikipiki nyingine zilizojaa katika stendi zetu, kama vile Bajaj Boxer, hutumia cheni. Kwa hivyo fundi akikwambia taimingi cheni ya injini ya muundo wa CG imelegea, mshukuru kwa muda wake, kisha utafute fundi mwingine.

Namna ya kusikiliza

Fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Isogeze pikipiki mahali tulivu lakini pa wazi, wala usiiwashe chumbani au katika kibanda kilichofungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu ambayo huua. Isimamishe kwa stendi kubwa, gia ikiwa nyutro. Watoto wakae kando, na mwenye leso au mikono mirefu ajifunge vizuri.

Kabla ya kuiwasha, pima oili, pikipiki ikiwa wima mahali palipo sawa. Injini nyingi za ukubwa huu hubeba takribani lita moja tu. Ikipungua kikombe kimoja cha chai, hilo ni pengo kubwa. Oili ikiwa chini au imekuwa nyeusi tititi na nyepesi kama maji, ibadilishe kwanza ndipo usikilize. Kelele nyingi huisha hapo hapo.

Halafu kagua vitu vya nje. Shika kinga ya miguu, kibao cha nambari, kifuniko cha ekzosi na bolti zinazofunga injini kwenye fremu. Kitu kimoja kilicholegea huweza kupiga kelele ya kutisha kuliko injini mbovu.

Sasa iwashe. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye injini na kishikio chake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Chuma husafirisha mlio kama kile kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua. Gusa hedi juu, kisha ubavu wa silinda inamopita cheni, kisha upande wa klachi, kisha chini kwenye krenki. Usiguse ekzosi, na usikaribie chochote kinachozunguka. Mlio ulipo mkubwa zaidi ndipo pa kuanzia.

Kila mlio na maana yake

Kwanza ni tapeti. Hizi hulia tiki-tiki-tiki, mlio mwepesi na wenye mpango kama cherehani, na husikika zaidi juu kwenye hedi. Ukiongeza mafuta, mpigo huongezeka kwa kasi ile ile. Ugonjwa huu ni mdogo na dawa yake ni kupima mwanya na kuurekebisha, injini ikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Mwanya huo ni sehemu chache tu za mia za milimita, kwa hivyo haupimwi kwa macho. Tena tahadhari: fundi asikaze tapeti mpaka zinyamaze kabisa. Tapeti iliyobana mno huzuia vali kufunga, na vali isiyofunga huungua. Heri tapeti inayolia kidogo kuliko iliyonyamaza kwa kubanwa.

Pili ni taimingi cheni. Hii haina mpango mzuri. Hulia cha-cha-chaka-cha, kama mnyororo unaotikiswa ndani ya mkebe, na husikika ubavuni mwa silinda. Injini nyingi hulia hivyo kwa sekunde chache zikiwashwa asubuhi kabla oili haijapanda, na hilo si la kuogofya. Wasiwasi uanze mlio ukiendelea hata injini ikipata moto, na hasa ukizidi pale unapoongeza mafuta kisha ukayaachilia ghafla. Wakati huo cheni hukosa mvuto na ulegevu wake hujitokeza.

Tatu ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda. Hugonga ko-ko-ko injini ikiwa baridi, halafu hupungua injini ikipata moto kwa sababu pistoni hutanuka. Ni dalili ya uzee. Haihitaji kukimbiwa leo, lakini mwenyewe aanze kuweka akiba.

Nne ni konrodi. Mlio wake ni mzito, du-du-du, hutoka chini na husikika hata kwenye nyayo. Huzidi injini ikipata moto na ikibeba mzigo mlimani. Ukiusikia, zima injini papo hapo na uisukume pikipiki hadi gereji. Kila kilomita unayoongeza, unaiongeza bili.

Tano ni klachi au gia. Injini ikiwa nyutro, vuta mkono wa klachi. Mlio ukitoweka au ukibadilika sana, shida iko upande wa klachi au gia, na taimingi cheni haihusiki.

Sita ni ekzosi inayovuja pale inapoungana na hedi. Hulia kama tapeti, na wengi wamefunguliwa injini bure kwa sababu yake. Tazama kama pana masizi meusi kwenye maungio. Huenda dawa yake ikawa gasketi moja tu na kukaza nati mbili.

Saba, mlio unaosikika tu pikipiki inapotembea, na usiosikika ikinguruma papo hapo, mara nyingi hutoka kwenye cheni ya nje, beringi za magurudumu au breki.

Kuthibitisha kabla ya kununua

Iwapo dalili zote zinaelekea kwenye taimingi cheni, bado usinunue kitu. Masikio hushuku, macho ndiyo huthibitisha.

Mwambie fundi amwage oili kupitia kitambaa cheupe. Vumbi laini la chuma ni la kawaida. Vipande vyeusi vya mpira au plastiki ni ushahidi kuwa ile miongozo ambayo cheni hupitia juu yake imeanza kulika. Vipande vya chuma vinavyoonekana wazi ni ishara mbaya zaidi.

Kisha, injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi aizungushe kwa mkono mpaka alama ya T kwenye flaiwili ilingane na alama ya kwenye kifuniko, tapeti zote mbili zikiwa na mchezo. Hapo alama ya gia ya kamshafti nayo inapaswa kulingana na alama yake juu kwenye hedi. Ikiwa imechelewa kidogo, cheni imerefuka. Ikiwa imepotea kwa jino zima, cheni imeruka jino au ilifungwa vibaya tangu mwanzo. Pikipiki ya namna hii huwa nzito kuwaka, hukosa nguvu mlimani na huweza kurudisha kiki kwa teke la kuumiza mguu.

Mwisho, kifaa cha kukaza kitolewe na kutazamwa kimetoka umbali gani. Kikiwa kimefika karibu na mwisho wa safari yake, cheni imekwisha kazi. Kikiwa hakijafika popote nacho hakina nguvu, basi kifaa chenyewe ndicho kibovu, na huenda cheni ingali nzima. Zingatia: kifaa hiki kikiwa kimetolewa, injini isizungushwe hata kidogo, wala bolti zake zisilegezwe injini ikiwa imewashwa. Cheni ikiruka meno, umejiletea msiba kwa mkono wako.

Njia za mkato

Wapo mafundi wanaoweka kipande cha chuma nyuma ya springi ili kifaa kikaze zaidi. Kelele hupungua siku hiyo, mteja hufurahi, fundi hulipwa. Lakini cheni iliyokazwa kupita kiasi huila miongozo yake na gia zake kwa haraka, nacho kilicholika hakirudi. Wengine hutia oili nzito ajabu ili kuziba mlio. Oili hiyo huchelewa kupanda juu asubuhi, na kamshafti husagika ikiwa kavu. Huko ni kumziba mgonjwa mdomo badala ya kumtibu.

Ikiwa cheni imelika, ibadilishwe pamoja na miongozo yake, na gia zake zikaguliwe meno. Kifaa cha kukaza nacho kibadilishwe kikiwa na hitilafu yoyote. Baada ya kufunga, fundi aizungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na kuzitazama alama tena kabla ya kugusa kiki. Kitu kikigoma kuzunguka, aache. Dakika mbili hizo zimeokoa injini nyingi.

Gharama ya cheni na miongozo ni ndogo sana ikilinganishwa na yatakayofuata cheni ikikatika. Vali hubaki wazi, pistoni huzigonga, vali hupinda, pistoni hutoboka, na wakati mwingine hedi yote hupasuka. Hayo ni ya mfukoni. Fikiria pia injini ikikatika ghafla kwenye barabara kuu, lori likiwa nyuma, na mama mjamzito akiwa ameketi juu ya kiti.

Maswali manne kwa fundi

Kabla hujamkabidhi fundi pikipiki, muulize kwa heshima: Fundi, umeusikia mlio ukitoka wapi? Utanionyesha kilicholika kabla ya kununua kipya? Ni vitu gani vitabadilishwa, na kila kimoja ni bei gani? Je, utanirudishia vile vya zamani? Fundi mzuri hatakasirika. Atakayekasirika amekusaidia kumjua mapema.

Nyumbani nako, wekeni daftari. Andikeni siku oili ilipobadilishwa na kilomita zilizokuwa kwenye mita. Anayetembea kilomita 100 kwa siku hufikisha 3,000 kwa mwezi mmoja tu, kwa hivyo muda ambao kitabu cha pikipiki kimeweka wa kubadilisha oili hufika upesi kuliko anavyodhani. Andikeni pia mlio mpya uliposikika mara ya kwanza: ikiwa baridi au moto, ikipanda au ikishuka, ikiwa na mzigo au bila. Fundi akisomewa maelezo hayo, nusu ya kazi yake huwa imekwisha.

Hakuna anayetarajia kila mwendeshaji awe fundi. Lakini kila mwendeshaji ana masikio mawili, na masikio hayanunuliwi dukani. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda stendi, isikilize pikipiki yako kwa dakika chache kama ambaye hajawahi kuisikia.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia safari njema.